Mume Wangu Anataka Kutembea Nchi Tano, na Viza Nimeificha Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nishike mkono maana naona nazama. Ukurasa wako nausoma kila Jumamosi, huu ni mwaka wa sita, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitakuwa upande huu wa kuandika, nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nasema huyu naye hana dada, hana jirani, hana hata wifi wa kumsikiliza, mpaka akamlilie mtu wa gazetini, na leo nakulilia mimi kwa sababu jambo hili siwezi kumwambia dada wala jirani wala wifi. Ukiichapa barua hii naomba usibadilishe kitu na usifiche kitu, mume wangu hasomi gazeti tangu tulipofiwa.

Mimi ni mjaza fomu. Nina meza, kompyuta na mashine ya fotokopi kwenye kibaraza kinachotazamana na ofisi ya uhamiaji, napiga picha za pasipoti, nachapa barua, najaza maombi ya pasipoti na ya viza kwa watu ambao maandishi ya serikali yanawatoa jasho, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa na sijisifu nikisema fomu iliyopita mkononi mwangu hairudishwi, hata maofisa wa dirishani wakiona mwandiko wangu hawahangaiki kuisoma mara mbili. Mume wangu alikuwa msoma mita wa idara ya maji, miaka ishirini na nane akitembea nyumba hadi nyumba, akiinama kwenye mashimo ya mita na kukimbizwa na mbwa wa watu, na sasa amestaafu. Tulijaliwa mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti, mtaa mzima ukamwita Cheche, na sisi tukawa Baba Cheche na Mama Cheche, na ndivyo tunavyoitwa mpaka leo ingawa mwenyewe hayupo.

Cheche aliondoka nyumbani kwa miguu, bila pasipoti, akiwa na miaka ishirini na tatu, yeye na begi lake la mgongoni, akielekea nchi ya tano kutoka kwetu, ambako rafiki yake alikuwa amemtafutia kazi kwenye karakana. Alitembea miezi mitano, mipakani anapita vichochoroni, na kila alipopata mtandao alimtumia baba yake ujumbe wa sauti, jumbe zote ziko ishirini na moja. Pale nchi ya nne inapopakana na ya tano hakuna kichochoro, kuna mto, daraja moja na ofisi moja, wakamzuia, akalala siku tatu nje ya ofisi ile juu ya saruji akiwa na homa, na siku ya nne hakuamka. Mama mmoja anayeuza chai pale darajani ndiye aliyetupigia simu, ndiye aliyehangaika hadi mwanangu akazikwa kama mtu, na begi lake analo yeye mpaka leo, anasema hamkabidhi mtu yeyote mpaka aje wa damu yake.

Baba Cheche hakulia, mshauri, na hilo ndilo lililonitisha. Wiki moja baada ya msiba alichana kurasa za atlasi ya shule ya Cheche, akazibandika ukutani sebuleni, akaketi na simu yake anasikiliza zile sauti, anasimamisha, anarudisha nyuma, anatia alama kwa kalamu nyekundu, hapa alilala kituo cha mafuta, hapa alichomelea toroli la mtu akalishwa, hapa aliumwa jino siku nne akalala kwa fundi baiskeli. Kisha akachukua uzi wangu wa kushonea, akaulaza juu ya barabara zote hizo kona kwa kona, akaupima kwa rula. Kilomita elfu tatu na mia moja. Akaniita nikiwa jikoni, akaniambia, "Mama Cheche, nitapita alipopita, kwa miguu yangu hii hii. Lakini mimi kila mlango nitagonga na kila mlango watanifungulia, kwa sababu nitakuwa na karatasi. Wewe ndiye unayejua karatasi. Nitengenezee."

Hataki basi, hataki lifti, hata rafiki yake dereva wa malori alipojitolea kumpeleka mpaka pale darajani alimshukuru tu na kumkaribisha chai. Amepanga kilomita ishirini na tano kwa siku, siku sita za kutembea na moja ya kupumzika, nchi ya kwanza wiki tatu, ya pili wiki saba, ya tatu na ya nne wiki tano tano, ameandika yote kwenye lile daftari lake la zamani la mita, na pembeni ya kila kituo ameandika namba ya ujumbe wa Cheche atakaousikiliza akifika hapo. Akishafika kaburini na kuchukua begi, anataka avuke lile daraja, aingie nchi ya tano hatua kumi tu, pasipoti yake igongwe muhuri, ndipo arudi. Nilimwuliza hatua kumi za nini, baba, akasema ndizo zilizobaki.

Basi nikaanza kumjazia fomu. Kuna siku tulikwenda wote ubalozi wa nchi ya pili, kwenye fomu yao kuna mahali pa kuandika msafiri anakuja kwa njia gani, kuna ndege, meli, basi, gari binafsi na nyingineyo, nikaweka alama kwenye nyingineyo, karani akauliza nyingineyo ndiyo ipi, nikasema miguu, akauliza miguu ya nani, Baba Cheche akarudi nyuma hatua mbili ili karani avione viatu, akasema, "Hii, mwanangu." Karani akacheka mpaka akamwita mwenzake, kisha wakataka tiketi ya kurudi, na mtu wa miguu atatoa wapi tiketi ya kurudi, ikabidi niandike barua tatu za maelezo. Wakampa. Mimi nikiandika wanatoa, ndiyo kazi yangu.

Sasa sikiliza nilichofanya, na usinichukie kabla hujamaliza kusoma. Viza hizi zina masharti, ikishatolewa lazima uwe umeingia nchi hiyo ndani ya siku tisini, zikipita imekufa. Mtu wa ndege haimsumbui, lakini mtu wa miguu anaomba viza mbili za kwanza tu akiwa nyumbani, zinazobaki anaziomba njiani, kwenye balozi zilizoko nchi anazopitia, hilo nalijua tangu zamani, nimewahi kuwapangia wasafiri wa baiskeli hivyo hivyo. Mume wangu nilimwambia sheria inataka viza zote tano ziwe mkononi kabla hajavuka mpaka wa kwanza. Hakuna sheria kama hiyo. Nilijua nikiziomba moja moja hapa nyumbani, ikifika ya nne, ya kwanza itakuwa imeshakufa, tunaanza upya, na ndivyo ilivyokuwa, nimemzungusha mara tatu, miaka miwili, na yeye kila mara ananiambia pole mke wangu kwa kazi ninayokupa.

Nimefanya hivyo kwa sababu ya magoti yake. Miaka ile ya kuinama kwenye mashimo ya mita imemuua magoti, akisimama kutoka kwenye kiti unayasikia, goti la kushoto linavimba jioni mpaka suruali inabana, nalikanda kwa maji ya moto na yeye anajifanya haliumi, na kila alfajiri anatoka kufanya mazoezi kilomita kumi na mbili, anarudi anachechemea na kujifanya amekanyaga kokoto. Nani atamkanda goti hilo huko nchi ya tatu, mahali ambapo Cheche alisema alitembea siku nzima bila kuona nyumba? Na presha anayo, vidonge anasahau, mimi ndiye ninayemwekea kando ya kikombe. Nikifumba macho namwona amekaa kando ya barabara, ameegemea kibao cha kilomita, watu wanapita wakidhani ni mzee anayepumzika. Nimeshampoteza mmoja kwenye barabara hiyo hiyo, mshauri, sina wa pili wa kutoa.

Lakini nikimwangalia anavyoisha nyumbani naona pia namuua kwa mkono mwingine. Mara ya mwisho viza ya kwanza ilipokufa, alikuwa ameshavaa viatu vya safari kuvizoesha, akakaa navyo kwenye ngazi ya mlango tangu asubuhi hadi jua linazama, akasema, "Labda huko nako hawanitaki, kama walivyomkataa yeye." Mashati yote yanampwaya. Na kila asubuhi kabla ya kunywa chai anasema maneno yale yale, hamkasirikii mtu wa mpakani, anasema yule alifuata kazi yake, hasira yake ni kwa ofisi yetu hapa, kwamba Cheche aliomba pasipoti miezi tisa kabla ya kuondoka na kuna mtu aliikalia fomu yake. "Aliyekalia fomu ya mwanangu, Mungu anamwona," anasema, kisha ananyoosha mkono nimpe sukari.

Sasa yamenifika shingoni. Ubalozi wa nchi ya tano siku hizi unajibu haraka, sikutegemea, na wiki iliyopita jibu likaingia kwenye kompyuta yangu kazini, amekubaliwa. Kwa mara ya kwanza viza zote tano ziko hai kwa wakati mmoja. Nimeichapa, nimeikunja, nimeificha kwenye boksi la karatasi za picha chini ya meza yangu, na yeye namwambia bado wanatafakari. Leo ni Jumatatu. Ile ya kwanza inakufa Jumapili, na kutoka kwetu hadi mpaka wa kwanza ni mwendo wa siku tatu kwa miguu yake. Nikimpa anaondoka, nisipompa tunaanza mzunguko wa nne na sidhani ataumaliza. Nimpe, au niiache ife? Nisaidie, sina mbele wala nyuma, juzi nimeharibu fomu ya mteja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kuna na jambo jingine dogo, nalitaja tu ili ujue yote. Ile fomu ya pasipoti ya Cheche alinipa mimi niipeleke, ni kuvuka barabara tu. Sikuipeleka. Nilikuwa naogopa ataondoka, ni mmoja tu, nikaiweka kwenye droo nikisema atasahau, vijana wanabadilika, na ili atulie nikamwandikia stakabadhi kwa mkono wangu, nikabuni namba ya faili, nikaigonga muhuri wa meza yangu, na kila akiuliza namwambia mafaili ni mengi, vumilia mwanangu. Akavumilia miezi tisa. Yule mama wa chai alitueleza kwamba siku zile tatu kijana alikuwa anawaonyesha maofisa karatasi fulani ndani ya mfuko wa nailoni, anawaambia pasipoti yangu iko njiani, mama anaifuatilia. Karatasi hiyo imo kwenye begi. Baba Cheche mwandiko wangu anaujua hata gizani. Lakini hilo limeshapita, haliwezi kurudi, shida yangu kubwa kwa sasa ni magoti yake na presha. Namba ya simu nimeandika hapo chini ukihitaji kuniuliza zaidi.

Ni mimi,
Mama Cheche

MSHAURI ANAJIBU

Mama Cheche, pole. Pole hiyo ni ya mzazi kwa mzazi na imetoka moyoni, ipokee vizuri, kwa sababu kuanzia mstari unaofuata sikubembelezi.

Magoti ya mumeo umeyaeleza mpaka nikayasikia. Presha yake ina vidonge na kikombe. Fomu ya mwanao ina aya moja, mwishoni kabisa, nawe umeiita jambo dogo. Aya hiyo ndiyo barua yako, mama. Hayo mengine yote ni bahasha. Ungekuwa unaogopa magoti tu, ungempeleka kwa daktari miaka miwili iliyopita, na katika barua yote hii sijaona hata siku moja mlipokwenda. Unaogopa begi. Unaogopa mumeo afungue zipu akute mwandiko wako. Ndiyo maana umemzungusha mara tatu, na ungemzungusha mara ya kumi kama mwili wake ungekuruhusu.

Halafu kuna hili la tarehe. Umesoma ukurasa huu miaka sita. Chini yake kila wiki imeandikwa kwamba barua inayotufikia baada ya Jumanne hutoka Jumamosi ya wiki inayofuata. Uliandika Jumatatu, ikanifikia Jumatano, viza inakufa Jumapili. Hakuna mtu mjini kwenu anayejua kuhesabu siku kama wewe. Uliponiuliza umpe au uiache ife ulikuwa umeshajijibu, ila ulitaka ife huku unasubiri ushauri, ili lawama tugawane. Basi imekufa, leo ina siku sita, na mimi umenigeuza droo yako ya pili. Nimekasirika, nakwambia wazi.

Wala sisikitiki kwamba imekufa. Kwa maneno yako mwenyewe, viza hudumu siku tisini, na mumeo angefika nchi ya nne baada ya wiki kumi na tano na zaidi. Hata angeondoka na zote tano mfukoni, mbili za mwisho zingemfia njiani, na angesimama kwenye daraja lile lile akiwa na karatasi isiyofaa aliyopewa na wewe. Mama, ulikuwa unataka kulifanya hilo mara mbili? Sidhani ulikusudia. Lakini hukuwahi kukaa ukalipigia hesabu, wewe unayepigia watu wote hesabu, kwa sababu kichwani mwako alikuwa haondoki kabisa.

Sasa fanya hivi. Kwanza unamwambia, kabla ya viza, kabla ya daktari, kabla ya kitu chochote. Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, simu na redio zimezimwa. Usianze na kwamba unampenda, wala na hofu ya kuachwa, hayo ni kweli lakini yakitangulia atajikuta anakubembeleza wewe kabla hajajua ni kwa ajili ya nini. Anza hivi: fomu ya Cheche niliikalia mimi. Maneno matano. Kisha nyamaza, umwache. Baadaye mwambie na ile stakabadhi, na ile sheria ya viza tano uliyoitunga. Usimwombe msamaha siku hiyo. Miaka miwili umemfanya mtu huyu asaini kila unachomwekea mbele, usimwekee na hicho.

Hukumuua mwanao. Homa ilimuua, na saruji, na watu waliopita wakamwona amelala. Ila alisimama pale siku tatu akiamini neno lako, na kwa hilo sina dawa, sitakudanganya kwamba ninayo. Utaishi nalo. Wapo wanaoishi na mambo mazito na bado wanaamka, wanafagia, wanakwenda kazini, na wewe utakuwa mmoja wao.

Siwezi kukuahidi kwamba Baba Cheche atabaki ndani ya nyumba hiyo. Anaweza kunyanyuka asirudi, anaweza kukaa na wewe asiseme neno mwaka mzima, anaweza kuitoa laana ile ya asubuhi akiwa anakutazama usoni. Naogopa pamoja nawe, kweli. Lakini fikiria njia nyingine. Anatembea miezi mitano, amechoka, goti limevimba, anakaa kando ya kaburi, anafungua begi, na hapo hakuna mtu wa kumshika bega isipokuwa mama wa chai asiyemjua. Ukitaka kujua presha inaua watu wapi, inaua hapo.

Akishajua, na kama bado anataka kwenda, na nadhani atataka zaidi, mwombee viza mbili tu, ya kwanza na ya pili. Ya pili umwandikie ni mji gani ataomba kuongezewa siku kabla mwezi haujaisha, maana nchi hiyo humpa mgeni mwezi mmoja tu wa kukaa, naye amepanga wiki saba. Ya tatu ataiombea akiwa nchi ya pili, ya nne akiwa ya tatu, ya tano akiwa ya nne. Mwandikie anwani za balozi hizo kwa mwandiko wako mzuri, na barua ya maelezo kwa kila moja, na nakala ya cheti cha kifo. Magoti na presha ni vya daktari. Daktari akisema asiende, mumeo atabishana na daktari, na hiyo ni haki yake. Wewe kazi ya kumzuia imekutoka mkononi. Akikuruhusu umsindikize hadi mpaka wa kwanza, msindikize. Asipokuruhusu, mfungulie mlango.

Na usijifariji kwamba hasomi gazeti. Ulisisitiza nisifiche kitu, sikuficha. Mtaa wenu unasoma, na msoma mita mstaafu aliyebandika atlasi sebuleni hawezi kuwa wawili. Kesho kuna mtu atamsalimia kwa sauti ya huruma dukani, naye atashangaa kwa nini. Nadhani ulilijua hilo pia ulipoandika.

Kitu kimoja tu nilichokiondoa ni ile namba ya simu. Niliipiga Jumatano ile ile, barua ikiwa bado mkononi, maana siku zilikuwa bado zipo. Akapokea mwanamume. "Baba Cheche hapa, nani mwenzangu?" Mama, mtu anayekagua fomu za wenzake kwa miaka kumi na tisa hakosei namba yake mwenyewe ya simu. Akasubiri, kisha akauliza taratibu, "Ni mambo ya viza? Kama ni ya viza, mama yuko kazini, anahangaika na karatasi zangu tangu asubuhi. Nikupe namba yake? Mwambie yeye, ndiye anayejua kila kitu. Huyu mwanamke, bila yeye ningeshakata tamaa zamani."

Nikamwambia samahani baba, nimekosea namba. Akasema hakuna neno, akanitakia siku njema.

Nimefanya kazi hii muda mrefu na sijawahi kumdanganya mtu aliyenijibu kwa upole namna ile. Una leo na una kesho. Jumatatu saa nne asubuhi nitaipiga tena namba ile ile, na akiniuliza kama ni mambo ya viza, sitasema nimekosea namba.